Vyuma Vizito au Vyepesi? Vijana wa Mlabani, Tusidanganyane!

Najua nimekuwa kimya wiki nzima. Nilikuwa nyumbani Ifakara, pale Mlabani, na kama kawaida yangu nimerudi na jambo la kusema. Safari hii si siasa wala bei ya mpunga. Ni misuli. Ndiyo, misuli! Msicheke kwanza, maana jambo lenyewe nusura liondoke na mtu.

Nyuma ya nyumba ya jirani yetu, chini ya mwembe, kuna kijiwe cha mazoezi. Wenyewe wanakiita jimu. Hakuna mashine hata moja. Kuna benchi la mbao, bomba la chuma lenye makopo ya rangi ya lita 4 yaliyojazwa zege, na bomba jingine lenye ndoo za lita 20 zilizojazwa zege vilevile. Basi. Cha katikati hakuna. Ukimaliza vidogo unarukia vikubwa, na usiporuka unapewa jina.

Jioni ya siku ya pili nipo kibarazani na chai yangu, nasikia kelele. Nikakimbia. Nakuta mdogo wangu, kijana wa miaka 17, kalala kwenye benchi na bomba la ndoo limemkalia kifuani. Wenzake wawili wanavuta upande mmoja, wa pili unazidi kumkandamiza. Tukaliinua watu wanne. Alinyanyuka na alama nyekundu kifua kizima, hana sauti. Namshukuru Mungu hakuvunjika mbavu.

Usiku tukikaa nikamuuliza, "Dogo, nani alikutuma?" Akaniangalia chini chini. "Hakuna, kaka. Ila vyepesi wanasema ni vya akina dada. Havijengi."

Hapo ndipo nilipoumia zaidi, kwa sababu maneno hayohayo niliwahi kuyaamini mimi. Nikiwa na miaka 22 nilijitwisha chuma nisichokiweza mbele ya watu, na bega langu la kulia mpaka leo linanikumbusha kila baridi ikianza. Sikupata msuli wowote siku ile. Nilipata maumivu na miezi mitatu ya kushindwa kuvaa shati vizuri.

Tufanye hesabu kidogo, maana kijiweni hakuna mizani. Lita 1 ya zege ina uzito wa kilo 2.4 hivi. Kopo la lita 4 likijaa ni kama kilo 10, mawili kilo 20. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kama kilo 48, mbili ni kilo 96, bomba lenyewe bado! Dogo mwenyewe hafiki kilo 60. Yaani alitoka kwenye kilo 20 akaenda kwenye karibu kilo 100 kwa siku moja. Huo si ujasiri jamani, ni kutojua hesabu.

Sasa swali lenyewe. Je, ni kweli vyepesi havijengi? Nimesoma, na jibu ni hapana. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kundi la profesa Stuart Phillips, walichapisha utafiti uliohusu vijana 49 wa kiume ambao tayari walikuwa wazoefu wa vyuma. Waliwagawa makundi mawili kwa wiki 12. Kundi moja lilinyanyua vizito, mara 8 hadi 12 kila mzunguko. Jingine lilinyanyua vyepesi, kati ya asilimia 30 na 50 ya uzito ambao mtu anaweza kuunyanyua mara 1 tu, wakaenda mara 20 hadi 25. Makundi yote mawili yalitakiwa kuendelea mpaka mikono igome. Mwisho wa wiki 12 misuli iliongezeka kwa kiwango kinacholingana. Mwaka 2017 Brad Schoenfeld wa Marekani na wenzake walikusanya tafiti 21 za namna hiyo wakakuta picha ileile: kwa ukubwa wa msuli, vizito na vyepesi havipishani sana.

Inakuwaje? Msuli ni nyuzi nyingi, na mwili ni bahili. Ukiupa kazi unaanza kuita nyuzi ndogo zisizochoka haraka. Zile kubwa, ambazo ndizo zinazotunisha, unaziweka akiba. Chuma kizito kinaziita zote mapema. Chuma chepesi kinachosha zile ndogo kwanza, na zikianza kushindwa mwili hauna jinsi, unaziita kubwa. Ndiyo maana zile mara tano za mwisho, uso umekunjamana na mikono inatetemeka, ndizo zenye faida.

Wale wa kambi ya vyepesi msishangilie kwanza. Nimewaona pia! Mtu anapiga mara 15 huku anasimulia mechi ya Simba na Yanga, anashusha chuma bado ana nguvu za kupiga mara 20 nyingine, halafu anajitazama kwenye kioo. Hapo hujajenga kitu ndugu yangu, umepunga upepo. Na wepesi una mpaka wake. Utafiti wa Brazili wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba ukishuka mpaka asilimia 20 ya uwezo wako, faida inapungua. Chepesi kinachofaa ni kile kinachokushinda kwenye mara ya 20 au 25. Kikikuruhusu kufika 60, tafuta kingine.

Na tuwe wakweli kwa upande wa pili. Kama unachotaka ni nguvu, yaani kuinua kitu kizito mara moja, vizito vinashinda. Tafiti hizohizo zinasema hivyo. Nguvu ni ufundi pia, na ufundi wa kubeba kizito unaupata kwa kubeba kizito. Kwa hiyo kabla ya kubishana kijiweni, kila mmoja ajiulize: nataka msuli au nataka nguvu?

Nataja nguvu kwa makusudi. Vijana wengi wa kwetu hawanyanyui vyuma kwa ajili ya kioo tu. Mavuno ya mpunga yakifika Bonde la Kilombero, kuna kazi ya kupakia magunia kwenye malori, na malipo ni kwa gunia. Dogo aliniambia anataka kuwa tayari. Kesho yake nikaenda kukaa na mzee mmoja aliyepakia magunia miaka mingi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Za huko mjini?"

Nikamweleza kisa. Akacheka, kisha akanyamaza. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nimebeba vizito maisha yangu yote. Nitazame, nina kifua cha wale wa kwenye picha?" Kweli, hana. Ni mwembamba, kamba tupu, na akisimama anashika kiuno kwanza.

Nimelifikiria sana jibu lake. Kama uzito peke yake ungejenga, makuli wa nchi hii wangekuwa mabaunsa wote. Wanabeba gunia la kilo 100, na lumbesa inapita hapo. Sheria yetu ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini Shirika la Kazi Duniani tangu mwaka 1967 linapendekeza mwanaume mmoja asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Hata gunia halali la kwetu linakaribia mara mbili ya hapo! Na anayebeba anafanya hivyo mchana kutwa, bila siku ya kupumzika, kwa mlo mmoja. Msuli unaumizwa kidogo kwenye mazoezi, halafu unajengwa ukiwa umelala na umekula. Asiyelala wala kula anabomoa tu.

Na kula penyewe, wali mtupu hautoshi, hata kama mchele wa Kilombero unasifika mpaka Dar es Salaam. Msuli unataka protini. Nashukuru kwetu haiko mbali: perege na kambale wa mtoni, maharage, mayai, dagaa. Makopo ya unga wa kutunisha si lazima. Sindano na vidonge vya homoni anavyokunong'oneza mtu kijiweni, achana navyo kabisa. Vinaharibu moyo na ini, na vinaweza kukuondolea uzazi.

Msimamo wangu basi ni huu. Kijana anayeanza, tena asiye na kocha wala mtu wa kumshikia chuma, aanze na vyepesi, afike mpaka pa kushindwa, na aongeze kidogo kidogo. Hili la kuongeza kidogo kidogo si langu. Daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alilitumia miaka ya 1940 kule Chicago kuwarudishia nguvu askari walioumia. Vikubwa vitakuja vyenyewe, na atakapovifikia mgongo wake utakuwa umeshajifunza.

"Lakini kaka, cha katikati hatuna," dogo akaniambia. Nikamwonyesha dumu la maji jikoni kwa mama. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Dumu la lita 20 ukiweka lita 8, una kilo 8. Wiki ijayo weka 9. Hiyo ni mizani ya bure, na mama zetu wanaibeba kichwani kila siku bila kelele. Sasa hivi wale wanaosema vyepesi ni vya akina dada, wawaombe hao akina dada wawafundishe kutembea na kilo 20 kichwani bila kumwaga tone!

Nimeondoka Mlabani nikiwa nimewaachia madumu manne na agizo moja: mtu asilale benchi bila watu wawili wa kusimama, mmoja kila upande. Ndoo za zege bado zipo pale chini ya mwembe. Dogo jana kanipigia simu, anasema anapiga lita 9 mara 22 na mikono inawaka moto. Wenzake wanamcheka. Nimemwambia awaache wacheke.