Kijana Akasomee Wapi Udereva wa Malori?

Baadhi ya wazazi wenye vijana Marekani wametuuliza: kijana ameandika kutaka ada ya chuo cha udereva wa malori, je, apelekewe, na ni chuo gani chenye kheri naye?

Swali hili ni zito, kwani lori si gari la kwendea sokoni. Leseni ya daraja A, itakiwayo kwa lori na tela lake, yahusu vyombo ambavyo uzito wake pamoja na shehena wakadiriwa kufika ratili 26,001, yaani karibu kilo 11,800, au zaidi. Apewaye usukani wa chombo hicho amepewa amana ya roho za watu.

Yapasa ijulikane kwanza kuwa chuo hakitoi leseni. Leseni hutolewa na jimbo, baada ya mtihani. Tangu tarehe 7 Februari 2022, aitakaye leseni hiyo kwa mara ya kwanza sharti afundishwe na chuo kilichoandikwa katika daftari la serikali kuu, ndipo atahiniwe barabarani. Daftari hilo laonekana na kila mtu katika intaneti. Chuo kisichokuwamo kiachwe. Rahisi huvunja upishi.

Walakini kuwamo daftarini si dalili ya ubora. Wenye vyuo hujithibitisha wenyewe kuwa wametimiza masharti, wala sheria haikuweka idadi ya saa za kufundisha. Basi kijana na aulize kabla ya kutoa senti: Lori moja hugawanywa kwa wanafunzi wangapi? Yeye mwenyewe atashika usukani kwa muda gani? Akianguka mtihani, kurudia ni kwa ada gani? Lori la mtihani ni la gia za mkono? Kwani akitahiniwa kwa lori linalojibadilishia gia, leseni yake huandikwa kizuizi cha kutoendesha ya gia za mkono.

Yako pia makampuni ya uchukuzi yafundishayo bila ya kudai ada mbele. Aghalabu malipo yake ni mkataba: kijana aitumikie kampuni muda uliotajwa, na akiondoka kabla yake, adaiwe. Hilo si baya kwa aliyelisoma na kuliridhia. Ubaya ni kutia sahihi kwa pupa, kisha kuikimbia ahadi. Na asiyetaka kufungwa hivyo, wala kuingia katika mkopo wa riba, aulizie vyuo vya umma vya karibu naye, na ofisi ya kazi ya jimbo, ambayo huwalipia ada baadhi ya watu wanaostahiki.

Tena, aliye chini ya miaka 21 kwa kawaida haruhusiwi kuvusha shehena kutoka jimbo hata jimbo, na tangu Juni 2025 dereva asiyejimudu kwa Kiingereza huweza kuzuiwa barabarani. Na asiye raia aanze kwa kuuliza ofisi ya leseni kama anakubaliwa, kabla ya kulipa chuo.

Basi wazazi, mkipeleka fedha, pelekeni na maswali haya, wala msimharakishe kijana. Ada iliyopotea huenda ikapatikana tena. Roho iliyopotea barabarani haina fidia ya kuirejesha.