Ramani ya Rangi Haiponyi Mahindi

Wadau, kuna ugonjwa umetuingia sisi waandishi wa programu wa Nairobi, na leo nausema waziwazi. Kila anayejua kupakua picha ya setilaiti anatengeneza ramani ya kijani, njano na nyekundu, anaipa jina zuri, kisha anakwenda kumwuzia mkulima. Jamani, mkulima afanye nini nayo?

Tuelewane kwanza: teknolojia yenyewe si uongo. Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, na hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ambao jicho halioni. Jani likidhoofika, uwiano huo hubadilika. Kipimo cha NDVI ni hesabu ya mwanga huo tu: toa, jumlisha, gawanya. Picha za Landsat zipo tangu 1972, na tangu 2008 ni za bure. Za Sentinel-2 kutoka Ulaya, iliyoanza kurushwa 2015, nazo ni bure.

Na zinafaa, zikiwekwa mahali pake. ILRI, walioko hapo Uthiru, si mbali na hapa Kawangware 56, walishiriki kuanzisha bima ya mifugo Marsabit mwaka 2010. NDVI ikionyesha malisho yamekauka eneo zima, mfugaji hulipwa. Eneo ni kubwa na swali ni moja: kuna majani au hakuna?

Sasa chukua shamba la robo eka. Nukta moja ya Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10. Shamba zima ni nukta kumi hivi, tena mahindi yamechanganyika na maharagwe, na mpakani kuna miti. Ikifika masika, mawingu yanaziba kila kitu. Ukisema utarusha ndege isiyo na rubani, kuna kanuni za usafiri wa anga za 2020 zinazodai kibali. Nani atagharamia yote hayo kwa robo eka?

Hata picha ikiwa safi, rangi ya njano haisemi sababu. Huenda ni ukosefu wa nitrojeni. Huenda ni kiu. Huenda ni MLN, ugonjwa wa virusi ulioonekana Bomet mwaka 2011. Mwenye upungufu wa nitrojeni anahitaji mbolea. Mwenye MLN akinunua mbolea ametupa pesa. Dawa yake ni kung'oa. Ramani ikimwelekeza vibaya, anayelala njaa si sisi tulioiandika.

Tazameni Nuru ya PlantVillage. Inatumia kamera ya simu, inafanya kazi bila intaneti, na ilifundishwa kutambua batobato na michirizi ya kahawia ya muhogo kwa picha zilizopigwa mashambani Tanzania. Haikai angani. Inakaa mkononi, karibu na jani, na inataja ugonjwa kwa jina.

Huko ndiko nguvu zetu ziende: simu ya bei nafuu, bila bando, kwa Kiswahili, na programu isiyoona haya kusema "sina hakika, mwite afisa wa kilimo." Rangi bila jibu ni mapambo tu, na mapambo tusimtoze mkulima.

Anayepinga aje na hoja. Nawasubiri.