Waya Usidharauliwe

Wengi wetu twadhani kwamba kitu kisicho na waya ni bora daima kuliko chenye waya. Mimi pia nilidhani hivyo mpaka likizo iliyopita. Leo napenda kutoa maoni yangu juu ya spika zipokeazo sauti ya kompyuta kwa njia ya hewa, kwa kuwa zimeingia katika nyumba nyingi, nazo zatusumbua kuliko tunavyokubali kusema.

Babu yangu alifanya kazi ya reli huko Tororo. Kabla hajafariki tulirekodi masimulizi yake kwa simu, karibu saa nzima, tukayaweka katika kompyuta ya ami. Ulipotimia mwaka mmoja, jamaa zaidi ya arobaini walikusanyika nyumbani kumsikiliza. Ami alikuwa na spika tatu za watengenezaji watatu: moja sebuleni, moja jikoni kwa akina shangazi, na moja barazani kwa wazee. Mimi, kwa kuwa nasoma sayansi, nilipewa kazi ya kuziunga.

Ya sebuleni ilikubali. Nilipoiunga ya barazani, ya sebuleni ikanyamaza. Ya jikoni ilitaka programu yake yenyewe, na programu ikataka nywila ambayo ami amekwisha kuisahau. Mwisho nikaiunga spika moja na kompyuta, na nyingine na simu, nikabonyeza zote mbili pamoja. Moja ikabaki nyuma ya mwenziwe, na kila mtu alipopita mlangoni sauti ilikatika. Bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, mzee wangu alipata kigugumizi lini?" Watu walicheka, lakini mimi niliona haya, maana yeye hakucheka.

Niliporudi shuleni nilitafuta sababu, nikaona ziko tatu.

Kwanza, njia imejaa. Bluetooth, ambayo kampuni kadha ziliungana kuieneza mwaka 1998, hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4 hivi. Wi-Fi nyingi hupita hapo hapo, na hata jiko la mikrowevu hutumia mawimbi hayo. Tena mwili wa mtu una maji mengi, nayo huyanyonya. Ndiyo maana waliosimama mlangoni walikuwa kama ukuta.

Pili, ni kuchelewa. Kompyuta huikata sauti vipande vipande na kuituma, na spika huvikusanya kwanza kabla ya kusema. Kila spika hukusanya kwa muda wake. Sauti husafiri hewani mita 340 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo spika ikichelewa sehemu ya kumi tu ya sekunde, ni kama imewekwa mita 34 mbali. Hapo mwangwi hauepukiki.

Tatu, watengenezaji hawana lugha moja. Apple ilileta AirPlay mwaka 2010, na Google ikaleta Chromecast mwaka 2013. Spika ijuayo moja tu ya lugha hizo haiisikii nyingine. Nayo Bluetooth ya kawaida hutuma sauti kwa spika moja, isipokuwa mtengenezaji ameongeza ufundi wake mwenyewe. Wazee walisema kweli: nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Labda wako watakaosema kwamba mimi napinga maendeleo. La, sivyo. Najua kwamba mwaka 2020 ilitangazwa Bluetooth ya namna mpya, LE Audio, iwezayo kutangaza kwa spika nyingi pamoja. Ni habari njema. Lakini haimfai mtu mpaka kompyuta yake na spika zake zote ziijue, naye mwenye spika za zamani atalazimika kununua tena. Je, ni haki?

Tazameni kichomeko kidogo cha milimita 3.5. Huingia katika chombo cha mtengenezaji ye yote mwenye tundu lake, hakiulizi nywila, wala hakichelewi. Basi shauri langu ni hili. Mtu anunuapo spika isiyo na waya, ahakikishe kwanza kwamba ina tundu la waya pia. Akitaka kadha, achague za namna moja. Na watengenezaji, kwa kuwa wao ndio wanaochukua fedha zetu, wapatane lugha moja kama walivyopatana juu ya kichomeko hicho.

Siku ile, baada ya aibu yangu, binamu yangu mdogo alileta waya wa mita mbili kutoka katika sanduku la vitu vya zamani. Nikauchomeka katika spika ya barazani. Akina shangazi wakatoka jikoni, watu wa sebuleni wakabeba viti vyao, sote tukaketi mahali pamoja. Babu akasimulia mpaka mwisho, bila kigugumizi.

Wenzangu, ninyi mwaonaje?

Mwanafunzi wa Darasa la Sita