Kuni na Maji Vinapokuwa Hatari



Apitaye Mlolongo, Kaunti ya Machakos, huyaona malori yaliyotoka bandarini Mombasa yameegeshwa kando ya barabara kuu. Baadhi yake yatavuka Uganda hadi mashariki ya Kongo, na miongoni mwa madereva wamo waume na wana wa nyumba zetu za Pwani. Basi Goma haiko mbali nasi kama tudhaniavyo. Tatizo ni kwamba twaijua mizigo iendayo huko kuliko watu waipokeao.

Tarehe 13 Juni 2022 waasi wa M23 waliuteka mji wa Bunagana, mpakani na Uganda. Vita vilipoenea, watu wa Rutshuru na Masisi walikimbilia viungani mwa Goma, wakajenga vibanda vya maturubali Kanyaruchinya na Bulengo, juu ya mawe ya volkano. Huko kila alfajiri mama alikuwa na njia mbili: awaache watoto na njaa, au aende msituni Virunga kutafuta kuni, ambako wanawake wengi walibakwa na watu wenye silaha.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia Goma kwenyewe. Umeme na maji vilikatika kwa siku kadhaa, watu wakachota Ziwa Kivu, hali kipindupindu si maradhi mageni huko. Hospitali zilijaa majeruhi; uwanja wa ndege na benki vikafungwa. Mwezi uliofuata wakaazi wa kambi waliamriwa kuondoka kwa saa 72. Waliorejea vijijini, wengi walikuta nyumba zimebomolewa.

Hivyo ndivyo aishivyo raia karibu na mapigano. Huenda risasi isimfuate alipo, lakini ndoo ya maji na mzigo wa kuni humpeleka yeye kwenye risasi.

Mtume (S.A.W.) alikataza kuuliwa wanawake na watoto vitani. Na katika mafungu manane ya wastahiki wa Zaka yumo masikini, na yumo msafiri aliyekatikiwa njiani. Tusidhani mafungu hayo ni ya vitabuni tu.

Enyi akina mama, dereva anaporejea nyumbani, muulizeni habari za watu pamoja na za barabara. Mkimbizi wa Kikongo akihamia jirani nanyi, msimuulize kwanza kabila lake wala yu upande gani. Muulizeni watoto wamekula nini. Na mwenye kutaka kusaidia walio kule, atoe fedha kupitia taasisi inayojulikana kwa uaminifu wake. Nguo kuukuu husitiri mwili, lakini hazichemshi maji ya kunywa.

Mwenyezi Mungu awape amani, na asitufanye wenye kushiba huku jirani ana njaa. Amin.