Ndoano Kwanza, Tathmini Baadaye
Mapema 2014, serikali ya Australia Magharibi ilitega ndoano za chambo kwenye maboya ili kuua papa wa zaidi ya mita 3. Waziri wa mazingira wa shirikisho aliisamehe masharti ya sheria ya mazingira, kwa hoja ya usalama. Hoja ina uzito: papa walikuwa wameua watu 7 jimboni humo tangu 2010. Ila kati ya papa 172 walionaswa, papa mweupe, mshukiwa mkuu wa vifo hivyo, hakuwamo hata mmoja! Septemba, mamlaka ya mazingira ya jimbo ilipouchambua mpango wa miaka 3 zaidi, ilishauri usitekelezwe. Uchambuzi huo ulistahili kutangulia. Waziri anayetoa msamaha wa dharura alazimishwe kuchapisha ushahidi wake siku hiyohiyo.