Alama za Karakana Zihakikiwe

Pale Nyakato, Mwanza, kipo chuo cha ufundi stadi cha VETA, na katika eneo hilo hilo zipo karakana na viwanda. Kijana wa ufundi anapomaliza muda wa kujifunza kazini, msimamizi wake hujaza daftari, hutoa alama na kutia sahihi. Swali ni moja: ni nani anayempima mpimaji?

Kumpima mwanafunzi kwa kazi si jambo la kuletewa na wageni. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikosoa mtindo wa kutukuza mtihani wa karatasi. Azimio la Musoma, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU Novemba 1974 kwenye ufuko wa ziwa letu hili, likataka kazi na mwenendo navyo vihesabiwe. Uamuzi ule ulikuwa sahihi. Lakini kipimo kisichohakikiwa hugeuka upesi kuwa zawadi au fimbo. Mtoto wa rafiki hupewa alama za juu bila kushika tupa. Mnyonge aliyekataa kugeuzwa tarishi hukatwa alama, na hana pa kulalamika. Huo si upimaji, ni upendeleo uliopigwa muhuri.

Wako wanaodai kuwa uhakiki ni urasimu, unaongeza gharama na kumvunjia heshima msimamizi. Hoja hiyo ni potofu. Tazameni daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025. Katika ujenzi wa aina ile mkandarasi haaminiwi kwa neno lake tu; zege hupimwa, na mhandisi mshauri hukagua kabla kazi haijapokewa. Hakuna anayesema mkandarasi ametukanwa. Kama zege lina mkaguzi, kwa nini fundi atakayelimwaga kesho apimwe kwa jicho la mtu mmoja?

Njia yenyewe inajulikana. Kwanza, kila alama iambatane na ushahidi: chuma kilichochongwa, kiungo kilichochomelewa, au maelezo ya kazi iliyoshuhudiwa. Pili, mpimaji mwingine, asiyetoka karakana ile, achague baadhi ya kazi, za alama za juu, za chini na zilizo mpakani mwa kufaulu, azipime upya kwa vigezo vile vile. Tatu, wapimaji wa sehemu mbalimbali wakutane, kila mmoja aipime kazi moja peke yake, kisha walinganishe. Mmoja akitoa 80 na mwenzake 45, kasoro haiko kwa kijana. Alama zirekebishwe, na mpimaji aelezwe alipokosea.

Jambo hili ni zito zaidi kwa mafundi wa mitaani wanaorasimishiwa ujuzi walioupata kazini. Cheti hicho ndicho utetezi wao pekee mbele ya mwajiri. Kikidharauliwa kwa sababu mzembe naye kapewa, hodari ndiye aliyeibiwa. Wala hasara haiishii hapo: fundi umeme aliyefaulishwa kwa huruma huenda akaunguza nyumba ya mkulima aliyejenga kwa jasho la pamba yake.

VETA, NACTVET na waajiri hawana budi kulisimamia jambo hili bila kigugumizi. Kanuni zilizoandikwa hazitoshi, zifike karakanani. Sahihi ya bosi si ujuzi. Ujuzi ni kazi inayoweza kuwekwa mezani, ikapimwa na mtu mwingine, na bado ikasimama.