SAFU YA WALIMU: Mlima wenye nchi tatu



Mwezi huu katika somo la jiografia wanafunzi walituuliza: eti kuna mahali mtu anaweza kusimama katika nchi tatu mara moja? Ndiyo, na wengi wetu tunapafahamu. Tuliovuka Bunagana kuingia Kisoro, mwaka 2012 au 2022, tulipita karibu na mlima Sabinyo. Una mita 3,669, na kileleni ndipo Kongo, Uganda na Rwanda zinapokutana. Jina lake latokana na meno, kwani vilele vyake vimekaa kama meno ya mzee, na mapengo katikati.

Upande wa Uganda, wapandaji huanzia geti la Ntebeko, katika Hifadhi ya Mgahinga. Ni safari ya siku moja, karibu masaa 8 kwenda na kurudi, pamoja na kiongozi wa hifadhi. Kwanza kuna mianzi na matope. Halafu kilele cha kwanza, unashuka kidogo. Cha pili, unashuka tena. Ndipo cha tatu. Hicho si mchezo jamani! Unapanda ngazi za miti, mikono na miguu yote inafanya kazi. Kila mita 1,000 unazopanda, joto linapungua karibu nyuzi 6. Juu kule, kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa theluthi moja hivi kuliko pwani. Ndiyo maana hata kijana mwenye nguvu anahema.

Tena kufika kileleni ni nusu tu ya safari. Ngazi zile zile zinakungoja kushuka, magoti yamechoka, na mvua ikinyesha zinateleza. Kwa hiyo watu huondoka mapema, na mwenye busara anabakiza nguvu, maji na chakula cha kurudi.

Kileleni hakuna geti wala afisa wa kuuliza karatasi. Hatua chache tu, umepita nchi tatu. Lakini huwezi kushukia upande mwingine, unarudi ulikotoka.

Hapo mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, shangazi yangu alibaki Jomba. Nikimwita kutoka juu, atasikia?" Darasa likanyamaza. Tukamwambia hapana, ni mbali na kuna msitu. Lakini shangazi akiwa bado Jomba, akitoka nje mawingu yakiwa yameondoka, mlima anaouona ni huo huo wa kwenye ramani yetu.

Wazazi, tunawaomba jambo moja. Watoto wengi wamezaliwa hapa, hawajui kwao ni wapi. Jioni hii mwambieni mtoto: kutoka nyumbani kwetu tulikuwa tunaona mlima gani, na jua lilikuwa linachomoza upande gani. Aje nayo darasani, tutaichora kwenye ramani pamoja.

Tukutane mwezi ujao.